Prizi moja kwa chumba kizima: namna ya kuongeza zingine bila kuchoma nyumba

Kwa ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kazi, juu ya memware, juu ya burse. Leo niongee juu ya kitu kidogo chenye kinasumbua karibu kila mtu mwenye kupanga nyumba mu Makiso: prizi.

Chukua chumba chochote cha kupanga, hata mu nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, yenye dari ya juu, zile za wakati wa Wabelgiji ku Plateau Médical. Unaingia, unaangalia kuta zote nne, prizi ni moja. Mara nyingine iko nyuma ya mlango, mahali hata meza haiwezi kufika. Kwa hiyo moja unachomeka ralonji, kwa ralonji unachomeka multiprizi, kwa multiprizi unaweka chaja mbili, komputa, vantilateri na frigo ndogo. Kisha magaribi mtu anakuja na resho, anaangalia kama kuko tundu moja bado wazi. Liko. Anachomeka.

Wadogo wananiuliza kila mara: "Yaya, naweza kuongeza prizi ngapi mu chumba yangu?" Mimi nilisoma agronomia, sikusoma umeme, na kwa kazi ya kufunga waya ninaita fundi kama kila mtu. Lakini umeme unafuata hesabu, na mtu mwenye kuhesabu kilo za mbolea kwa hektari anaweza kuhesabu ampere kwa waya. Hesabu hiyo njo ninataka tuifanye pamoja, ili siku fundi anakuja kwako ujue cha kumwomba, na ujue cha kumkatalia.

Kwanza tujue kitu kimoja: prizi haizae umeme. Ni mlango tu. Ukiongeza milango kumi kwa nyumba yenye mfuko mmoja wa mchele, mchele unabaki mfuko mmoja. Sisi wa Kisangani tunapaswa kuelewa hiyo kupita wengine, juu umeme wetu unatoka hapa hapa, kwa maporomoko ya mto Tshopo, kwa baraji yenye ilijengwa miaka ya 1950. Mashini zake ni tatu, na zikizunguka zote jumla inafika karibu megawati 19. SNEL, yenye ilianzishwa mwaka 1970, njo inaendesha. Hatujaungwa na laini kubwa ya Inga. Kwa mambo ya umeme tuko kama kisiwa. Sasa gawanya: megawati 19 ni wati milioni 19, na mji wetu umepita watu milioni moja. Hata ukihesabu milioni moja tu, kila mtu anapata wati 19, ni kusema ampuli mbili za LED. Na hiyo ni siku mashini zote tatu ziko mzima, siku zenye sisi wote tunajua haziko nyingi. Resho moja ya wati 2000 inakula fungu la watu zaidi ya 100.

Hii si hotuba ya kukukataza kupika. Ninasema hivyo juu inaeleza mambo mawili tunayaona kila siku: delestaji, na kura kuwa zaifu magaribi, ampuli inakuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Yote mawili yanabadilisha namna ya kuweka prizi, tutafika hapo.

Tuanze na hesabu. Mu nyumba zetu umeme ni volti 220. Ukitaka kujua kifaa kinavuta ampere ngapi, gawanya wati zake kwa 220. Wati zimeandikwa chini ya kifaa ao kwa karatasi ndogo ya nyuma. Chaja ya telefone: wati 10 ao 20, haifike hata ampere 0,1. Komputa ya kubeba: wati 65, ampere 0,3. Vantilateri: wati 50 hivi. Televizyo ya leo: wati 80 ao 100. Frigo ndogo: wati 100 ao 150 ikizunguka, lakini saa ya kuanza inavuta mara kadhaa zaidi kwa kitambo kidogo. Vyote hivi ukivijumulisha haufike hata ampere 2. Mtu anaweza kuwa navyo vyote kwa multiprizi moja nzuri, hakuna kitu kitaungua.

Sasa leta vitu vya joto. Fero ya kupasi: wati 1000, ampere 4,5. Birika ya umeme: wati 1500, karibu ampere 7. Resho: wati 2000, ampere 9. Ukiwasha resho na fero pamoja uko kwa ampere 13 na nusu. Ongeza birika, umepita 20. Basi kila kitu chenye kazi yake ni kutoa joto kinavuta peke yake kupita vingine vyote vya chumba ukivikusanya. Kwa hiyo swali la "prizi ngapi" si swali la kweli. Swali ni: vitu vya joto viko wapi, na waya inayovilisha ni ya unene gani?

Waya ni kama tiyo ya maji, hiyo kila mtu anaelewa, lakini tuweke namba. Mu nyumba zetu kuko zaidi sana waya za aina mbili: milimita mraba 1,5 na milimita mraba 2,5. Ya kwanza ni ya ampuli. Ya pili ni ya prizi. Sheria ya Ubelgiji, yenye mafundi wetu wengi waliirithi hata kama hawajaisoma, inaomba 2,5 kwa laini za prizi, na prizi zisipite 8 kwa laini moja. Waya ya 1,5 inalindwa na disjonteri ya ampere 16 kwa juu kabisa. Ya 2,5 na disjonteri ya ampere 20 kwa juu kabisa.

Juu ya nini? Juu waya yenyewe inakataa kidogo umeme, na hicho chenye inakataa kinageuka joto. Chukua mita 20 kutoka tablo mpaka kwa chumba cha nyuma. Umeme unaenda na unarudi, kwa hiyo ni mita 40 za shaba. Kwa 1,5, upinzani wake ni karibu om 0,45. Ukivuta ampere 10, waya inakunywa wati 45 mu njia na unapoteza volti 4 na nusu. Kwa 2,5 inakunywa wati 27 tu. Sasa ampere zikiongezeka mara mbili, joto haliongezeke mara mbili, linaongezeka mara ine. Kwa ampere 20, ile waya ya 1,5 inatoa wati 180 ndani ya ukuta, ndani ya tiyo, mahali hakuna upepo. Plastiki yake inaanza kulainika, kisha inakauka, kisha inapasuka. Haifanyike siku moja. Inafanyika miezi, na mwenye kuishi ndani haone kitu.

Lakini waya mzima wa mita 20 bado una bahati, juu joto lake linasambaa. Kibaya zaidi ni kiungo kibaya. Screw yenye haikukazwa, waya mbili zenye zilisokotwa na kufungwa na skochi, domino ya plastiki laini, tundu la multiprizi lenye limelegea. Kiungo kama hicho kinaweza kuwa na nusu om peke yake. Kwa ampere 10 ni wati 50, kwa kitu chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Unajua ampuli ya zamani ya wati 60 ilikuwa inaunguza mkono. Sasa fikiri joto karibu hilo liko nyuma ya pazia, ndani ya plastiki, na resho iko inachemsha fumbwa saa mbili. Multiprizi nyingi zenye niliona zimeyeyuka hazikukufa juu ya umeme mwingi sana. Zilikufa juu ya tundu lenye kulegea.

Hapo njo tunafika kwa disjonteri, na mahali watu wengi hawaelewe vizuri. Disjonteri inalinda waya. Hailinde mtu. Kazi yake ni kukata umeme mbele waya haijapata moto wa kupita. Kama waya ni 1,5 na disjonteri ni ya 16, resho na birika na fero zikiwaka pamoja itaanguka, na iko na haki. Sasa fundi wa haraka anakuja, anasema: "Disjonteri yenu ni zaifu, niwawekee ya 32." Anaweka, haianguki tena, wote wanafurahi, wanamlipa. Ameondoa mlinzi, ameacha mlango wazi. Na kwa nyumba zenye zingali na fuzibu, utakuta mtu amefunga waya ya shaba mahali pa fuzibu yenye iliungua. Ni jambo lile lile. Fundi akikuambia aongeze disjonteri bila kubadilisha waya, mwambie asante, umpe pesa ya transporti, atafute kazi kwingine.

Basi, ukitaka kuongeza prizi kuko njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuvuta kutoka kwa prizi yenye iko tayari: unafungua ile prizi, unaunga waya mpya kwa screw zake, unaenda na waya hiyo mpaka kwa prizi mpya upande wa kitanda ao wa meza. Ni rahisi, inaomba waya kidogo na nusu siku ya kazi. Kwa telefone, komputa, taa ya kusomea, vantilateri, inatosha kabisa, na ni bora mara kumi kuliko ralonji yenye kupita chini ya mkeka. Lakini ujue: prizi mbili hizo ni laini moja. Mzigo wa ya pili unapita kwa waya ya ya kwanza, na kwa screw za ya kwanza. Kama waya ya zamani ni 1,5, ukiweka mbele yake 2,5 haikusaidie kitu. Ni kama kuunga tiyo kubwa kwa tiyo ndogo. Na usikubali wachukue kutoka kwa ampuli ao kwa enterupteri ya taa. Pale mara nyingi neutri haiko hata karibu, na fundi mwenye haraka anaitafuta mahali haipaswi kutafutwa.

Njia ya pili ni laini mpya toka tablo: disjonteri yake, waya yake ya 2,5, inaenda moja kwa moja mpaka kwa prizi ya mahali pa kupikia ao ya kupasi. Ni bei zaidi, juu waya ni ndefu, lakini kwa kitu cha joto hakuna njia ingine yenye ninaweza kukushauri. Laini mpya ni nzuri pia kwa kitu kisichopaswa kukatika. Nitoe mfano wa upande wangu. Wengi kati yetu wameanza kufuga kuku mu parseli, na wananunua mashini ndogo ya kuangulia mayai. Mashini hiyo haivute mingi, wati 100 hivi kwa ile ya mayai makumi kazaa. Lakini inapaswa kukaa kwa digri 37 na nusu hivi, siku 21, usiku na mchana. Ukiichomeka kwa multiprizi moja na resho ya jirani wa chumba, kila mara resho inaangusha disjonteri, mayai yanapoa. Delestaji peke yake inakutosha kuwa adui, usiongeze wa pili mu nyumba.

Tuongee sasa juu ya mtu, juu tumesema disjonteri haimulinde. Mwili wa mtu haungoje ampere 16. Miliampere 30 zikipita kwa kifua kwa muda zinaweza kusimamisha moyo, na hiyo ni mara mia tano chini ya ile disjonteri inayongoja. Kifaa chenye kumulinda mtu kinaitwa diferansieli, ile ya miliampere 30. Inapima umeme wenye unaenda na wenye unarudi. Zikikosa kulingana, maana kuko umeme unapita mahali pengine, pengine kwa mkono wako, inakata mara moja. Mu nyumba nyingi za hapa haiko. Ukiongeza laini mpya, omba moja, hata kama ni kwa laini hiyo peke yake. Bei yake inapita disjonteri ya kawaida, ni kweli. Mimi ningepunguza prizi mbili nipate kuiweka.

Kisha waya ya udongo, ile ya kijani na manjano. Nyumba za zamani nyingi ziko na waya mbili tu, fazi na neutri. Fundi anaweka prizi mpya yenye ncha ya chuma katikati, nzuri kwa macho, na ncha hiyo haijaungwa na kitu. Hiyo tunaweza kuita prizi ya picha. Mbaya zaidi ni yule mwenye kuunga ncha hiyo na neutri ndani ya prizi "ili udongo ukuweko". Sikia vizuri hatari yake: siku neutri inakatika mahali fulani mbele ya prizi, na kwa viungo vyetu vya skochi itakatika, mwili wa chuma wa frigo unapata volti 220 zote. Mtoto anakuja kufungua frigo, miguu iko bila viatu kwa simenti yenye maji. Afazali ukose waya ya udongo kabisa kuliko kupata ya uongo namna hiyo.

Waya ya udongo ya kweli inaanza nje, kwa piketi: chuma chenye kufunikwa shaba ao zinki, urefu mita 1,5 ao 2, imepigwa yote ndani ya ardhi. Hapa niruhusiwe kurudi kwa udongo, ni shamba langu. Udongo unapitisha umeme kwa njia ya maji yenye iko ndani, na chumvi zenye kuyeyuka mu maji hayo. Sisi tunapata mvua zaidi ya milimita 1600 kwa mwaka, kwa hiyo bahati tuko nayo, lakini udongo wa juu unakauka haraka siku za jua, zaidi sana kama ni wa mchanga. Piketi ya sentimita 50 yenye wengine wanapiga kando ya ukuta, chini ya bati mahali mvua haigusi, inafanya kazi Oktoba, inalala Januari. Ichimbie mahali maji ya mvua yanafika. Watu wanamimina chumvi na makala kwa shimo. Chumvi inapunguza upinzani kweli, lakini mvua yetu inaiosha kwa musimu moja ao mbili, inakula chuma, na inaua matembele yako kando kando. Piketi ya pili mita mbili tatu mbali na ya kwanza, zikiungwa pamoja, ni bora. Wabelgiji wanaomba upinzani wa udongo uwe chini ya om 30. Fundi mwenye kifaa cha kupima ni wachache, lakini kuuliza hakulipwe.

Kununua waya. Ku soko kuu ya Makiso utapata rulo za kila namna, na zote zimeandikwa 2,5. Maandishi hayagharimu kitu. Kuko waya za aluminium zenye zimepakwa shaba nyembamba juu tu. Kwangua ncha na kisu: ndani ikiwa nyeupe, rudisha. Kuko pia shaba ya kweli lakini nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Waya ya kipande kimoja ya 2,5 iko na upana karibu milimita 1,8. Ya 1,5 karibu 1,4. Kwa macho ni vigumu kuachanisha, lakini kilo haidanganye. Mita 100 za waya moja ya 2,5 ziko na shaba ya kilo 2,2, mbele hata ya kuhesabu plastiki. Kwa 1,5 ni kilo 1,3. Beba rulo nzima mpaka kwa mama mwenye kuuza mchele, mwombe kwa heshima akupimie kwa balansi yake. Rulo ya "2,5" yenye haifike kilo 2,2 pamoja na plastiki yake, hauitaji diploma kuelewa. Mwuzaji atakasirika kidogo, atasema wewe uko mutu wa maneno mingi, kisha atatoa ingine toka nyuma. Prizi nayo, angalia kama imeandikwa 16 A 250 V, chomeka ficha ndani na uvute: ikitoka bila nguvu, ni mashini ya kutengeneza moto. Zile zenye matundu ya kila inchi ninaziogopa kwa vitu vya joto, juu tundu lenye kupokea kila ficha haishike hata moja vizuri.

Rangi: bluu ni neutri, kijani na manjano ni udongo, hizo mbili haziguswe kwa kazi ingine. Nyekundu, nyeusi ao kahawia ni fazi. Lakini mu nyumba za zamani usiamini rangi, amini kipimo.

Ukuta nao una neno lake. Kwa matofali ya kuchoma unaweza kukata njia, kuweka tiyo, kurudisha simenti. Njia iende wima ao sawa na sakafu, isiende mshazari, juu kesho mtu atapiga musumari wa picha na hataweza kukisia waya iko wapi. Kwa ukuta wa matofali ya kukaushwa jua, kukata sana kunaulegeza, weka guloti ya plastiki juu ya ukuta. Mpangaji mwenye hajui atakaa miaka ngapi, guloti pia njo yako: unaweza kuifungua siku ya kuhama. Acha ukuta wenye kupokea mvua ya upepo, ule wenye alama ya maji toka dari mpaka chini. Acha chini ya dirisha. Weka prizi sentimita 30 ao zaidi juu ya sakafu, na mbali na robine. Na ziba tundu la tiyo mahali linaingia, sisimizi wa hapa wanapenda sana joto la prizi, utafungua siku moja ukute kijiji.

Siku ya kazi, kitu kimoja ninakiomba kwa nguvu. Usikubali mtu afanye kazi "juu kura haiko". Delestaji si kukata umeme. Hakuna mtu wa SNEL atakayekuja kukuuliza kama fundi wako amemaliza. Kura inarudi saa inapenda, na fundi yuko na waya mbili mu vidole. Njia ni hii: shusha disjonteri kubwa, toa fuzibu kama ziko na uziweke mu mfuko wako, mtu mmoja akae karibu na tablo asiachie mtu kugusa. Kisha fundi anapima. Na anapima mara tatu: kwanza mahali anajua kuko umeme, kuona testere yenyewe iko mzima, kisha kwa waya ya kazi, kisha tena mahali pa kwanza. Kama mu mji mzima hakuna umeme, hakuna mahali pa kupima testere, basi kazi ingoje ao afanye kama vile umeme uko. Na kama mu parseli kuko grupu yenye kuchomekwa kwa prizi kurudisha umeme mu nyumba, izime pia, ukae na funguo yake. Grupu ya namna hiyo inarudisha umeme mpaka nje, kwa laini ya barabara, ikiwa konteri haikukatwa.

Na huyo fundi avute umeme toka tablo yenu, nyuma ya konteri. Kuko wenye watakuambia wako na njia ya kuchukua mbele ya konteri, bila kuhesabiwa. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya umeme inaadhibu wizi huo, na mbele ya sheria kuko hatari: waya ya mbele ya konteri haina disjonteri ya nyumba. Ikiungua, hakuna chenye kuikata.

Tunabaki na mwenye nyumba. Mpangaji hana haki ya kutoboa ukuta wa mwenyewe bila ruhusa, na mwenye nyumba wengi wanakataa juu wanaogopa, wala si ubaya. Usiende na neno "ninataka prizi". Enda na karatasi yenye kuonyesha laini, waya, disjonteri na bei, na uongee kama mtoto wa nyumba:

"Papa, prizi ya chumba inapata moto, gusa uone. Ninaomba niweke laini ya kwake, fundi ameandika bei."
"Mwanangu, pesa hiyo itatoka wapi?"
"Nitoe mimi, papa, kisha tukate kidogo kidogo kwa miezi tatu ya nyumba. Siku ninahama, laini inabaki yako."
"Na ukuta?"
"Guloti tu, hatutoboe mingi. Tuandike, tusinyi wote wawili."

Andikeni kweli, karatasi mbili, tarehe, jumla, na miezi yenye kukatwa. Garanti nyingi zinapotea siku ya kuhama juu ya matundu ya ukuta yenye hakuna mtu aliyeyaandika.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi yote mara moja. Subiri kura irudi. Bonyeza kidude cha "test" cha diferansieli: kama haianguki, haijafungwa vizuri. Pima kila prizi. Kisha chomeka resho kwa prizi yake, weka sufuria ya maharagi, iache saa moja. Baada ya saa hiyo zima, toa ficha, weka mgongo wa mkono kwa uso wa prizi, kisha kwa ficha, kisha kwa disjonteri mu tablo. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha mkono pale mpaka uhesabu kumi, mwite fundi arudi akaze screw mbele jua halijashuka. Magaribi, volti zikishuka, toa frigo kwa prizi: resho inapika polepole tu kwa umeme zaifu, lakini mota ya frigo inajitahidi, inavuta ampere zaidi, inaungua. Na kila mara kura inapoenda, toa ficha za vitu vyote vya joto, ungoje dakika tano baada ya kurudi kwake mbele ya kuvirudisha kimoja kimoja.